Mwanafunzi wangu anataka kufuata njia iliyonishinda

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mwalimu wa muziki katika shule moja ya binafsi hapa Mbeya. Nina miaka 36, mke na mtoto mmoja. Safu yako huisoma mke wangu. Mimi nilikuwa nadhani ni ya mambo ya ndoa tu, lakini hili la kwangu nimelizungusha kichwani tangu Pasaka na sijapata pa kulishusha.

Ngoma nilianzia kanisani, kwenye kundi la matarumbeta, nikiwa darasa la nne. Wenzangu waligombea tarumbeta, mimi nikaachiwa ngoma kubwa kwa kuwa ndiyo iliyobaki. Nikaipenda. Baadaye, kwa msaada wa watu wa misheni, nilipata ufadhili wa kwenda Ujerumani kusomea ala za kugonga za okestra: timpani zile ngoma kubwa za umbo la sufuria, matoazi, zailofoni ya vipande vya mbao, snea ile ngoma ndogo yenye nyaya chini, na hata kile chuma cha pembetatu ambacho watu hudhani mtoto yeyote anaweza kukigonga. Miaka mitano. Nikahitimu vizuri.

Mgeni aliyehitimu kule hupewa kibali cha miezi 18 cha kutafuta kazi ya fani yake. Ndani ya miezi hiyo nilifanya usaili mara saba, miji saba. Unaingia ukumbini, mbele yako kuna pazia, majaji wako upande wa pili. Hawajui jina lako wala hawaoni sura. Unapiga vipande ambavyo wapiga ngoma wote wa okestra wamevikariri: mdundo wa snea wa Boléro ya Ravel kwa sauti ya chini kabisa, zailofoni ya Gershwin, timpani za Simfoni ya Tisa ya Beethoven. Dakika chache tu, halafu sauti inasema asante. Mara tano niliishia duru ya kwanza. Mara mbili niliingia ya pili. Na lile pazia, Shangazi, lilininyima hata kisingizio. Siwezi kusema walinikataa kwa rangi yangu. Walinisikia, basi.

Kibali kikiwa kimebakiza mwezi mmoja, baba akaugua. Nikarudi. Kila aliyeuliza nilimjibu kwamba kazi nilishaipata, nikaiacha ili nimuuguze mzee. Watu walinisifu mno. Nilitajwa hadi kwenye mahubiri. Mke wangu, niliyemwoa miaka miwili baadaye, anajua hivyo hivyo.

Baba mwenyewe sikumdanganya, kwa kuwa hakuuliza habari za kazi. Aliuliza jambo moja: huko ulikuwa unapiga nini? Nikamweleza kwamba okestra ya mji iliwahi kuniita niwe mbadala, tukapiga Simfoni ya Tisa ya Dvořák, ile ya Ulimwengu Mpya, na mimi nilishika matoazi. Katika simfoni nzima, dakika kama arobaini, matoazi hugongwa mara moja tu. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Umepanda ndege ukapige mara moja?" Alifariki miezi mitatu baadaye. Kicheko kile mpaka leo sijui nikiweke wapi.

Sasa kijana. Yuko kidato cha tatu, kwao ni Isyonje, baba yake analima viazi. Babu yake alikuwa mpiga ling'oma na mtoto amekulia miguuni pa ngoma hizo. Shuleni hatuna timpani, kwa hiyo nilitengeneza mbili kwa masufuria makubwa ya kupikia ubwabwa, nikayawamba ngozi ya ndama. Moja nililinunua sokoni Mwanjelwa, lingine niliazima jikoni kwa kina mama wa kanisa. Juzi mvua ilikesha. Asubuhi nilikuwa nayagonga taratibu, kijana akapita mlangoni na begi lake akasema, "Mwalimu, lile kubwa limeshuka." Lilikuwa limeshuka kweli, kama nusu toni. Mimi hilo nilikuja kulisikia bila kusaidiwa nikiwa mwaka wa pili chuoni.

Anataka kuwa mpiga timpani wa okestra. Anasema, "Kama mwalimu alipata kazi Ulaya, na mimi nitapata." Baba yake akanifuata shuleni. Mpango wake ni kijana amalize kidato cha nne aende VETA akasomee umeme, lakini akaniambia: "Wewe ndiye uliyefika. Ukisema aende huko kwenye muziki, nitauza shamba la bondeni. Ukisema asiende, mwambie wewe, maana mimi hanisikii."

Nimeomba muda. Nikimtia moyo, namtuma kwenye lile pazia. Nikimkataza, nitakuwa nimemzikia kipaji chake kwa sababu changu kilishindwa. Niseme nini, Shangazi?

Mwalimu wa Masufuria, Mbeya

* * *

Marahaba mwanangu, na kamwene kutoka Iringa.

Kabla ya safu hii nilifundisha muziki chuo cha ualimu miaka 22, na kwaya nimeimba alto tangu nina meno yote, kwa hiyo barua yako sikuhitaji kumpelekea mtaalamu. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani unauliza habari za kijana. Mara ya tatu nikaona kijana mwenyewe umemchelewesha mpaka karibu na mwisho wa barua.

Mbele yake yupo mke wako. Umesema mwenyewe ndiye msomaji wa safu hii. Nilikutumia ujumbe kwamba barua naishikilia wiki mbili ili umwambie kwa mdomo wako, ukajibu "sawa Shangazi". Wiki mbili zimekwisha. Umri wako nimeubadilisha kidogo usitambulike, lakini masufuria sikuweza kuyabadilisha, na sidhani kama Mbeya ina walimu wawili wa namna hiyo. Kama bado hujasema, acha kusoma uende ukaseme sasa hivi. Haya mengine yatakungoja.

Umerudi? Haya.

Uongo wako ulipoanza ulikuwa mdogo na ulikuhusu wewe. Ulikuwa kijana aliyerudi kwao mikono mitupu, baba yuko kitandani, watu wanauliza maswali mlangoni. Hapo sikulaumu sana. Lakini sasa uongo huo umetoka kwako umefika Isyonje. Yule mzee anataka kuuza shamba kwa hesabu uliyompa wewe: mtoto wa huku alikwenda, akapata kazi, akaiacha kwa hiari yake. Mkulima wa viazi anaijua lumbesa kuliko mimi na wewe. Anajua gunia linalohesabiwa moja na ndani yake limo moja na nusu, na anajua nani huumia. Ukinyamaza, utakuwa umemfungashia lumbesa ya maneno, na atakayeumia ni yeye mwenyewe, kile kipande cha bondeni kikishauzwa.

Kwa hiyo jibu la swali lako, ukitaka kulichukua peke yake, ni hili: usimtie moyo kijana wala usimkataze. Mwambie ulifanya usaili mara saba na hukupata. Hilo ndilo jambo ambalo wewe unalo na hakuna mwalimu mwingine wa Mbeya anaweza kumpa. Wengine tungemwambia "kazi za okestra ni ngumu kupata", yeye angesikia kelele ya watu wazima. Wewe utamwambia rangi ya lile pazia.

Na mwambie kwa idadi. Okestra kubwa inaweza kuwa na wapiga violini 30. Upande wenu, nyuma kabisa ya jukwaa, yupo mpiga timpani mmoja na wapiga ala nyingine za kugonga wawili, watatu, pengine wanne. Nafasi hufunguka mtu akistaafu, akihama au akifa. Wanaoigombea ni wahitimu wa vyuo vingi kwa pamoja, na wengi wao wamezaliwa na kulelewa huko huko, wamesikia simfoni tangu utotoni, na wao pia huambiwa asante wakarudi nyumbani kwa treni. Wewe umebeba zile saba kama hukumu. Mimi naziona kama mtu aliyekwenda mnadani mara saba na mnada wenyewe una ng'ombe mmoja. (Kuhusu pazia, ningefurahi sana lingeletwa kwenye usaili wa ajira za huku kwetu, lakini hiyo ni safu nyingine.)

Duru ya pili mara mbili, na umeiandika kama vile ni aibu.

Tuje kwenye kicheko cha mzee, maana hapo ndipo penye kidonda. Mwanangu, baba yako alicheka kwa sababu inachekesha. Mtu anakaa zaidi ya nusu saa amevaa suti nyeusi, vyuma viwili vya shaba mapajani, anahesabu vipimo vya muziki kimoja kimoja, ananyanyuka, anagonga, anakaa. Tena pigo lenyewe ni la upole, wapo wanaosikiliza simfoni ile miaka wasiligundue. Mgonjwa aliyepata kitu cha kumchekesha miezi mitatu kabla ya kuondoka, na aliyempa ni mwanawe aliyerudi, mimi sioni hasara hapo. Ulitakiwa ucheke naye, halafu umwambie alichokuwa hajui: kwamba ukikosea hilo moja huna la pili la kurekebishia. Mpiga violini akiteleza, wenzake kumi na tano wanamfunika. Wewe hakuna wa kukufunika. Kwenye Boléro ndiyo kinyume chake, mdundo ule ule wa vipimo viwili mara 169, dakika kama 15, unaanza kama mnong'ono na hauruhusiwi kukimbia hata kidogo wakati okestra nzima inapanda juu yako. Na kuna siku kila mtu anakusubiri wewe: konseto ya violini ya Beethoven, ya mwaka 1806, hufunguliwa na timpani peke yake, mapigo manne ya chini chini, wengine wanaingia kwenye la tano. Bwana mkubwa wa violini amesimama mbele na ala yake ya bei mbaya, anangoja mtu wa nyuma. Ungemwambia baba hayo angecheka tena, lakini cheko lingine.

Sasa kijana wako, na hapa nitakuwa mwalimu kidogo.

Sikio lile ni la kweli. Ngozi ikinyonya unyevu hulegea na sauti hushuka. Wapiga timpani wa Ulaya walihangaika na jambo hilo mpaka ngozi za plastiki zilipoenea kuanzia miaka ya 1950, na babu yake Isyonje alilijua vilevile, ndiyo maana ngoma huwekwa kando ya moto kabla ya kuchezwa. Lakini kulijua ni tofauti na kulisikia kutoka mlangoni, na begi mgongoni. Mpiga timpani halisi kazi yake nusu ni hiyo: anabadili sauti ya ngoma katikati ya muziki, wenzake wanapiga kwa ufunguo mwingine, yeye ameinamisha sikio juu ya ngozi anaiguza kwa kidole. Vijiti hufundishika. Sikio la namna hiyo mwalimu hulikuta.

Kwa hiyo mfundishe. Sisemi umwahidi. Anzia na kilichopo: sol-fa ya kwaya. Zile timpani mbili za kina Haydn na Mozart kwa kawaida ni do na sol tu, na hakuna mtoto wa kwaya Mbeya asiyejua umbali wa do na sol. Kisha asome nota za mistari, na kinanda kidogo, maana mpiga ngoma asiyejua kinanda huja kushikwa shati kwenye zailofoni. Snea atazoeshea kwenye kipande cha mpira wa gurudumu kilichobandikwa ubaoni. Wewe unajua haya kuliko mimi, nayaandika ili mzee wa Isyonje, kama atasomewa ukurasa huu, aone kwamba hakuna hata moja linalodai kuuza shamba.

Muziki ni somo la NECTA kidato cha nne. Kama shule yako huufundisha kwa vipindi tu bila kusajili watahiniwa, hiyo ni vita yako na mkuu wa shule, na ukitaka ushauri wangu ianze mapema, kabla usajili haujafika. Akiwa na cheti hicho, chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo huanza na waliomaliza kidato cha nne. Akifika mbele zaidi kuna shahada ya muziki Makumira, Arusha, na idara ya sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Pia kuna kitu ambacho nashangaa hukukitaja, wewe uliyekulia kwenye matarumbeta: bendi za brasi za Polisi, Magereza na JWTZ. Kule mpiga snea ana sare na mshahara, na nota anasoma kila siku. Si okestra ya Berlin. Lakini ni mtu anayelipwa apige ngoma, ndani ya nchi hii, na hao hatunao wengi.

Na VETA? Aende! Sioni umeme na timpani zinagombania nini. Kinshasa kuna Orchestre Symphonique Kimbanguiste, ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, rubani aliyekosa kazi. Walianza na ala chache za kupokezana, nyingine wakazitengeneza wenyewe, na wengi wa wapigaji mchana wana shughuli zao mjini, jioni wanafanya mazoezi ya Beethoven. Fundi umeme mwenye timpani jioni ni mtu kamili. Hata huko ulikotoka, wenzako wengi wa darasa nadhani leo wanafundisha watoto nusu ya wiki na kuitwa mbadala wikendi. Ndiyo kazi yenyewe ilivyo. Wewe uliichora ikiwa kiti kimoja chenye jina lako, na kwa kuwa hukukipata ukadhani hukupata kitu.

Hili la kuona ualimu ni mahali pa walioshindwa linaniudhi, nitakwambia wazi, kwa sababu umeniandikia mimi mwalimu. Evelyn Glennie wa Scotland alipoteza usikivu karibu wote akiwa na miaka 12. Alitaka kujifunza ala za kugonga, na shuleni kwake alikuwapo mwalimu ambaye hakumcheka. Alimwambia aweke viganja ukutani, yeye akapiga timpani, akamuuliza anazisikia wapi mwilini. Msichana yule alikuja kuwa mpiga ala za kugonga anayesimama mbele ya okestra kama msanii wa pekee, dunia nzima, miguu peku ili aisikie sakafu. Na aliyemfungulia mlango alikuwa mwalimu wa shule.

Jinsi ya kwenda Isyonje. Usimwite mzee ofisini, nenda kwake, jioni, akiwa ametoka shambani na ameshakula. Kijana awepo. Usianze na kipaji, ukianza na kipaji mzee atasikia ada. Anza na lile la usaili, ulimalize lote, na baba yako na mahubiri yale ya kanisani. Itakuwa kimya kibaya. Usikijaze. Kisha omba vitu viwili tu: Jumamosi mchana za kijana mpaka amalize shule, na ruhusa ya kufanya mtihani wa Muziki. Shamba lisitajwe tena. Kijana anaweza kukasirika, pengine wiki mbili tatu hatakusalimu vizuri. Ameongopewa na mtu aliyemwamini, ana haki hiyo.

Na wewe, kundi la matarumbeta la kanisa bado lipo? Maana sijaona popote kwenye barua yako kwamba tangu urudi umepiga mbele ya watu. Timpani ziliingia okestra zikifuatana na tarumbeta. Wapanda farasi wa Ulaya walizitamani kwa Waturuki, wakazifunga mbili mbili ubavuni mwa farasi, na kwenye karne ya 17 tarumbeta na timpani zikaingia pamoja kwa watunzi. Kwa hiyo ukiyapeleka masufuria yako nyuma ya matarumbeta Jumapili moja, wewe kwenye kubwa na kijana kwenye dogo, utakuwa umefanya jambo la zamani sana.

Ila lile la kina mama, mwanangu, likishapigwa Jumapili hiyo livue ngozi, lioshe, ulirudishe jikoni. Kuazima ulisema uliazima lini? Juni inakaribia, baridi inaingia, misiba haipigi hodi, na kina mama wale wana masufuria makubwa mangapi yaliyobaki? Nenda Mwanjelwa ununue la pili. Chagua lenye kitako cha duara.